Mtumbwi Pacha na Historia Isiyo na Mnara



Juma hili nataka tuzungumzie chombo ambacho sisi watu wa milimani, wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, hatukioni mara kwa mara, lakini kazi yake tunaila karibu kila siku. Nenda katika soko lolote la Kakonko, utawakuta kina mama wamepanga mafungu ya dagaa juu ya turubai. Dagaa hao wamesafiri zaidi ya kilometa 200 kutoka Kigoma mjini, wakapanda milima ya Kasulu, wakapita Kibondo, ndipo wakafika kwetu. Bila wao ugali wetu ungekuwa mkavu, na maharage yangechoka kwa kuitwa kila siku.

Sasa muulize mwanafunzi yeyote wa darasa la saba: ni chombo gani maarufu katika Ziwa Tanganyika? Atajibu bila kusita, "Meli ya Liemba." Nami nitampa alama zake, kwa sababu amejibu vizuri. Lakini muulize swali la pili: dagaa uliokula jana usiku walivuliwa na chombo gani, na kilianza lini? Hapo atakuangalia tu. Na si yeye peke yake. Hata mwalimu wake atakuangalia, na hata sisi waandishi wa habari tulio wengi tungekuangalia vivyo hivyo.

Chombo hicho ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Wataalamu wa vyombo vya majini hukiita katamarani. Mimi katika mazungumzo haya nitakiita mtumbwi pacha, maana ndivyo kilivyo: ndugu wawili waliozaliwa mbalimbali, wakaunganishwa kwa nguzo na kamba, wakapewa kazi moja.

ZIWA LENYEWE

Kabla ya kukieleza chombo, tulitazame kwanza ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 kutoka kaskazini hadi kusini. Upana wake, hata pale palipo pana zaidi, ni kilometa 70 na kidogo tu. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinalitumia: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Umbo hilo la ziwa, refu na jembamba, lililobanwa na milima pande zote mbili, lina maana kubwa kwa mvuvi. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma, unapata njia ndefu iliyonyooka ya kuyasukuma maji kuelekea kaskazini. Wimbi linalozaliwa mbali huko kusini linakuja likikua njiani, na likifika ufukwe wa Kigoma si mtoto tena. Na mawimbi ya ziwa yana tabia tofauti na ya bahari kuu. Ya bahari kuu mara nyingi huwa marefu, yanainuka polepole na kushuka polepole kama mtu mzima anayepumua usingizini. Ya ziwa huwa mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana haraka. Chombo hakijamaliza kushuka wimbi la kwanza, la pili limeshafika.

Sisi wa milimani tusijidanganye kwamba mambo hayo ni ya watu wa Ujiji peke yao. Mvua inayonyesha juu ya mabonde yetu, sehemu kubwa yake inaingia katika Mto Malagarasi, nao Malagarasi baada ya mzunguko wake mrefu unamwaga maji ziwani, kusini ya Kigoma, upande wa Ilagala. Maji ni yetu kabla hayajawa yao. Biashara nayo ni ya tangu zamani. Karne ya 19 chumvi ya Uvinza, mawese na samaki wa Ujiji vilipanda milimani, na mazao na mifugo ya Buha vikateremka. Ujiji wenyewe ulikuwa sehemu ya nchi ya Waha.

WAGENI NA VYOMBO VYAO

Historia ya vyombo vya ziwa hili, kama ilivyoandikwa vitabuni, inaanza na wageni. Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji wakiwa hoi kwa maradhi. Walitaka jahazi la kuwapeleka kaskazini. Mwezi Machi Speke alivuka kwenda upande wa magharibi, kisiwa cha Kasenge, kumwomba mfanyabiashara Mwarabu amkodishie jahazi lake. Alivuka kwa mtumbwi wa gogo, akipigiwa kafi na wenyeji. Njiani dhoruba ikamkwamisha kisiwani. Usiku ule mdudu akamwingia sikioni, akamtesa kwa siku nyingi. Jahazi lenyewe hakulipata. Aprili yeye na Burton wakaenda Uvira kwa mitumbwi miwili ya magogo, kwa sababu hapakuwa na kingine.

Angalia hapo, ndugu msikilizaji. Wageni wale tunawajua kwa majina, na hata mdudu aliyeingia sikioni mwa mmoja wao ana sifa katika historia. Lakini waliopiga kafi, waliojua saa ya kuondoka ufukweni na saa ya kungoja, waliowarudisha salama, majina yao yako wapi? Novemba 1871 Stanley na Livingstone walikutana Ujiji, kisha wakaenda pamoja hadi mdomo wa Mto Rusizi, wakathibitisha kwamba mto ule unaingia ziwani na wala hautoki. Nao walipelekwa na wapiga kafi.

Baadaye vyombo vikawa vikubwa zaidi. Wajerumani walitengeneza meli ya Graf von Götzen kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Desemba mwaka huo Waingereza nao wakashusha ziwani, kwa upande wa Kongo, boti mbili ndogo za vita zilizokuwa zimeburutwa kutoka Afrika Kusini kupitia reli, milima na mito. Siku moja baada ya Krismasi waliiteka boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha Graf von Götzen wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Hayo yote ni mambo makubwa, na sitaki kuyabeza. Lakini niulize swali moja tu. Wakati meli hizo zinapigana, watu wa kando ya ziwa walikuwa wanakula nini?

KUTOKA MOTO WA KUNI HADI TAA

Walikuwa wanakula dagaa, na dagaa hao waliwavua kwa moto. Wavuvi wa zamani walitumia wavu wa mkono ulioitwa lusenga, uliokuwa kama mfuko uliofungwa kwenye mti. Usiku wa giza waliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, mvuvi akawachota.

Siri ya uvuvi huo ni tabia ya dagaa mwenyewe. Mchana hujificha chini kwenye kina. Usiku hupanda juu kutafuta chakula. Akiona mwanga juu ya maji huukusanyikia. Na akija dagaa, nyuma yake anakuja migebuka, maana migebuka anamla dagaa. Kwa hiyo taa moja inakuitia kitoweo cha aina mbili. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi inakuwa kama mshumaa uliowashwa mchana. Ndiyo maana hadi leo kalenda ya mvuvi wa dagaa ni mwezi wa angani. Siku za giza ni za kazi, na siku za mbalamwezi ni za kushona nyavu na kulala na familia.

Lusenga ulikuwa na mpaka wake. Mkono wa mtu unachota kiasi chake tu, na mtumbwi mmoja wa gogo hauwezi kushusha wavu mkubwa. Hebu fikiri: ukiufunga wavu mzito ubavuni mwa mtumbwi mmoja, ukauvuta ukiwa umejaa samaki, mtumbwi utainama upande huo huo na kukumwaga pamoja na samaki wako.

Mabadiliko yakaja katika miaka ya 1950. Upande wa Burundi, nchi hiyo ikiwa bado chini ya Wabelgiji, wavuvi wa Kigiriki walianza uvuvi mkubwa wa nyavu za kuzungushia. Na mwishoni mwa miaka hiyo, huko huko Burundi, ukaanza mtindo wa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa nguzo, yenye taa za karabai na wavu mpana unaoshushwa chini na kuinuliwa kwa kamba. Ilikuwa akili rahisi lakini ya ajabu. Mitumbwi miwili iliyoachana kidogo inakuwa kama miguu ya meza. Nguzo zinatokeza nje na kuutanua mdomo wa wavu. Uzito wa wavu haulali ubavu mmoja, unagawanywa kwa wote wawili. Wavu unashuka gizani, taa zinawaka juu, dagaa wanakusanyika, kisha watu wanavuta kamba kwa pamoja.

Mtindo huo haukungoja pasipoti. Ulishuka na ufukwe hadi kwetu Kigoma, na haukuchukua muda ukawa ndio uvuvi wenyewe. Kufika miaka ya 1990 makadirio ya samaki waliovuliwa katika ziwa lote, nchi zote nne kwa pamoja, yalikuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa dagaa na migebuka. Huo, ndugu zangu, ndio mchango wa nguzo, kamba na taa.

KUUSHUSHA MAJINI

Kazi yangu ya utangazaji iliwahi kunipeleka Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, nikaomba nafasi ya kwenda na wavuvi usiku mmoja. Ilikuwa mwezi wa Juni, kusi kimeamka. Mzee aliyekuwa msimamizi wa chombo alinitazama viatu vyangu, akasema, "Mwanangu, vua hivyo. Ziwa halimheshimu mwenye viatu." Nikavua.

Mambo niliyoyaona pale ufukweni ndiyo yaliyonifanya niandike mazungumzo haya. Nilidhani kushusha chombo majini ni kukisukuma tu. La hasha. Ni elimu kamili yenye sheria zake, na nitazieleza kama nilivyozielewa.

Sheria ya kwanza ni kungoja. Mawimbi hayaji yote sawa. Huja kwa makundi: makubwa kadhaa yanafuatana, kisha yanafuata madogo, kisha makubwa tena. Mzee alisimama maji yakimfika magotini, mgongo ametupa kwetu, anatazama ziwa. Vijana wameshika mbavu za mitumbwi tayari, hakuna anayesema. Nilihesabu moyoni, nikaona kama tumechelewa. Kumbe alikuwa anayasoma maji. Kundi la makubwa lilipovunjika na kumalizika ufukweni, alipiga ukelele mmoja tu, na watu wote wakasukuma.

Sheria ya pili ni kulikabili wimbi kwa pua. Hapa ndipo chombo cha mitumbwi miwili kinapodai adabu kuliko mtumbwi mmoja. Mtumbwi mmoja ukipigwa ubavuni unayumba. Mtumbwi pacha ukipigwa ubavuni, wimbi linamwinua ndugu mmoja wakati mwingine bado yuko chini, na nguvu yote hiyo ya kukunjana inaziendea nguzo zinazowaunganisha. Kwa hiyo vijana wawili walikuwa mbele, kila mmoja ameshika pua moja, wanatembea majini hadi vifuani, wakihakikisha pua zote mbili zinatazama mawimbi. Hawakupanda hadi chombo kilipokuwa nje ya mahali mawimbi yanapovunjikia.

Sheria ya tatu ni mwendo. Chombo kilichosimama mbele ya wimbi ni mateka. Mara tu maji yalipotosha, watu wa kafi walipiga kwa nguvu zote, na injini ya nyuma ikashushwa na kuwashwa. Tulipanda wimbi la kwanza, tukashuka, tukapanda la pili, maji yakaturukia usoni, kisha ghafla mtikisiko ukapungua. Tulikuwa tumetoka.

Sheria ya nne inahusu uzito. Watu wote wakirundikana mbele, pua zinachimba maji na chombo kinaweza kupinduka kuelekea mbele. Wakirundikana nyuma, wimbi linaziinua pua juu mno. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na mzee alimhamisha mtu kwa kidole tu.

Kitu kingine nilichokiona ni viungo. Nguzo hazikupigiliwa misumari kwenye mitumbwi ile. Zilifungwa kwa kamba. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba msumari haujui kucheza. Wimbi linapokivuta chombo huku na huku, kamba hujivuta kidogo na kurudi, lakini msumari hupasua ubao. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na ndiyo maana kila jioni kabla ya kuondoka fundo moja moja linakaguliwa kwa mkono.

Usiku ule tulishusha na kuinua wavu mara kadhaa. Alfajiri tukarudi, na kurudi nako kuna sheria yake. Ukiingia ufukweni ukiwa umetanguliwa na tamaa ya kufika, wimbi linakubeba kutoka nyuma, linakukimbiza, linakugeuza ubavu na kukutupa juu ya mchanga. Mzee alisubiri tena. Aliliacha wimbi kubwa lipite chini yetu, kisha tukalifuata mgongoni mwake hadi nchi kavu, na vijana wakaruka na kushika pua kabla la nyuma halijafika.

Chombo hiki kina sifa ya kutoyumba, lakini kina ubaya wake, na ni haki tuuseme. Kikipinduka hakirudi chenyewe. Upana ule ule uliokizuia kupinduka ndio unaokizuia kujigeuza. Waliomo majini hushikilia migongo ya mitumbwi na kungoja msaada. Na ziwa la usiku halina barabara yenye wapita njia.

NDUGU ZAKE DUNIANI

Mtumbwi pacha wa Kigoma si yatima. Una ukoo mpana. Neno lenyewe katamarani limetoka katika Kitamili cha kusini mwa India, likiwa na maana ya miti iliyofungwa pamoja. Katika pwani ya Madras, kabla haijajengwa bandari, meli zilitia nanga mbali kwa kuogopa mawimbi ya ufukweni. Siku ambazo hata mashua hazikuthubutu, waliopita na barua kwenda melini walikuwa Watamili juu ya magogo yao yaliyofungwa kamba.

Katika bahari ya Pasifiki watu wa visiwani walivuka masafa makubwa kwa mitumbwi miwili yenye tanga. Mwaka 1976 chombo cha namna hiyo kilichoitwa Hōkūleʻa kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila vyombo vya kisasa vya kuonyesha njia, kuthibitisha kwamba mababu waliweza. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff aliunda chombo cha mitumbwi miwili, akaingia mashindano ya New York, akawashinda wakubwa kwa wadogo. Baada ya hapo chombo chake kikaondolewa mashindanoni. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 Hobie Alter wa California, fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, aliunda katamarani ndogo ya tanga kwa ajili ya kushushwa moja kwa moja kutoka mchangani kupita kwenye mawimbi. Watu wa pwani zenye fedha waliifanya mchezo wa Jumapili. Kwetu Kibirizi ni kazi ya Jumatatu hadi Jumatatu.

Hata pwani yetu wenyewe ina binamu yake, ngalawa. Huo ni mtumbwi mmoja mwembamba wenye vielea viwili, kimoja kila upande, vilivyofungwa kwenye miti iliyokatiza juu. Wangazija nao huuita galawa. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba ujuzi huo wa vielea ulikuja na mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao lugha yao ndiyo mama wa Kimalagasi cha Madagaska. Na anayesafiri leo kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti ziendazo kasi za Kilimanjaro, zilizojengwa Australia, ajue kwamba amekaa juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa, ila imevaa suti.

Nimeyataja haya kwa makusudi. Herreshoff ana sanamu ya jina lake katika historia ya vyombo. Alter naye anatajwa. Fundi wa kwanza aliyefunga mitumbwi miwili ufukweni Kigoma hatajwi.

KAGUNGA, 2015

Kuna mwezi mmoja ambao vyombo vidogo vya ziwa hili vilifanya kazi kubwa kuliko ya kuvua, na habari zake zinatugusa sisi wa Kakonko moja kwa moja. Aprili 2015 machafuko yalizuka Burundi. Watu wakakimbia. Maelfu kwa maelfu walifika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania karibu na mpaka, kilichobanwa kati ya mlima na maji, na wakati ule hakikuwa na barabara ya gari. Mwezi Mei ufukwe ulikuwa umejaa makumi ya maelfu ya watu. Kipindupindu kikaingia, kikaua zaidi ya watu 30.

Liemba ilitumwa kuwachukua. Lakini Kagunga hapakuwa na gati. Meli ilisimama majini, uwezo wake ni abiria wapatao 600 kwa safari, na kati yake na watu wale palikuwa na maji. Nani aliwavusha? Ni mitumbwi ya mbao ya wanakijiji na wavuvi. Wazee, wajawazito na watoto walipakiwa mchangani, wakapelekwa hadi ubavuni mwa meli, wakainuliwa mikono kwa mikono. Kule kungoja wimbi, kule kuelekeza pua, ndiko kulikohitajika siku zile.

Kutoka Kigoma watu hao walipelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Nyarugusu ilipojaa, kambi ya Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huo huo, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, hapa hapa Kakonko, iliyokuja kufungwa mwaka 2021. Wengi wetu tuliwapokea majirani hao, tukauziana nao mihogo na nguo. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya meli ya Kaiser iliyookoa wakimbizi, na ni kweli iliwaokoa. Lakini hakuna aliyepanda meli ile bila kwanza kupanda mtumbwi.

MAMBO YA LEO

Hali ya ziwa leo si ile ya miaka ya 1950. Karabai zimewapisha taa za betri na za umeme wa jua. Vyombo vimeongezeka, wavuvi wameongezeka. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba maji ya ziwa yanapata joto, na kwa sababu hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, chakula cha samaki kikapungua. Serikali yetu mwaka 2024 ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hapa Kakonko tuliijua habari hiyo sokoni, fungu la dagaa lilipopungua na bei ikapanda.

Mimi nauunga mkono mpumziko huo. Shamba lisilopumzishwa huchoka, kila Muha anajua. Lakini tuseme pia upande wa pili. Vijana wanaovuta kamba usiku hawamiliki chombo. Wanalipwa kwa mgawo wa kilichopatikana. Miezi mitatu bila mgawo, kwa mtu asiye na shamba, ni miezi mitatu ya deni. Mpango wa kulilinda ziwa usiomkumbuka mvuta kamba ni kama mtumbwi pacha wenye nguzo moja. Utaelea siku ya shwari tu.

Basi nina mapendekezo matatu. La kwanza, pale Ujiji tuna makumbusho na mnara wa kukumbuka kukutana kwa Livingstone na Stanley, na ni vizuri. Uwekwe pia mtumbwi pacha mmoja, pamoja na lusenga na karabai, watoto wetu wakienda kutembea waone kilichowalisha. La pili, walimu wa historia wa mkoa wetu wawatume wanafunzi kwa mafundi na wavuvi wazee, waandike nani alijifunza kwa nani, mwaka gani, ufukwe gani. Mafundi hao wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na kitabu chake. La tatu, wenye vyombo wanunue makoti ya kujiokolea kwa kila anayepanda, na sisi wa redio tutangaze taarifa za upepo za Mamlaka ya Hali ya Hewa saa za alasiri, kabla watu hawajashusha vyombo, si usiku wakati wako tayari katikati ya giza.

Mnara si lazima uwe wa mawe. Kulijua jina la kitu na kazi ya watu wake nako ni mnara. Leo jioni, ndugu msikilizaji, dagaa watakapoletwa mezani, mwulize mtoto wako kama anajua walivuliwaje. Kama hajui, sasa unaweza kumweleza.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.